Uchafu wa Amplifaya ya Baba

Jumamosi, 8 Machi

Nimerudi kwa wazazi na sanduku moja, godoro lililolowa na hasira zangu. Nyumba yangu ya kupanga imeingia maji mpaka kwenye droo za chini za kabati, na mwenye nyumba ananiambia eti nivumilie mvua zipungue ndipo aite mafundi. Zipungue lini? Ndiyo kwanza zimeanza. Kwa hiyo msimu huu wote nitalala katika chumba nilicholala nikiwa mwanafunzi, kile kinachopakana na chumba cha redio cha Baba.

Harufu ya huko inapenya ukuta. Vumbi lililoungua, transfoma iliyochoka, na kitu kingine nisichokitambua, kama nywele zilizopitiwa na moto. Nikifungua dirisha mvua inaingia, nikifunga harufu inarudi. Nimechagua mvua.

Nilimwamkia Baba: "Shikamoo, Baba." Akajibu: "Ndiyo, imenyesha." Mtoto wake wa kwanza amerudi nyumbani na godoro linachuruzika, na yeye ananipa taarifa ya hali ya hewa!

Mama akanivuta jikoni. Kumbe amplifaya imekufa tangu mwishoni mwa Februari, na tangu ife Baba hatoki, hali vizuri, haongei. Baba ana stesheni yake ya redio ya kujifurahisha, yenye leseni. Si ya kupigia watu muziki, ni ya kuzungumza na watu wa mbali wenye ugonjwa wa redio kama wake. Redio yenyewe ina nguvu ya balbu moja ya sebuleni. Amplifaya, lile sanduku la chuma lenye valvu mbili kubwa za kioo, ndiyo inayoibeba sauti na kuifikisha nchi nyingine. Na kila Jumapili alasiri, tangu mimi sijaolewa, mpaka nikaolewa, mpaka nikaachika, Baba amekuwa akiongea na mtu mmoja anayemwita Pacha, kwa kuwa walipata leseni mwaka mmoja. Hawajawahi kuonana. Rafiki mwingine wa kweli sijui kama anaye.

"Msaidie baba yako," Mama akasema. "Wewe ndiye mwenye mikono."

Mikono yangu inatengeneza meno ya bandia. Kutwa nzima nashika vitu vilivyotoka au vinavyoelekea vinywani mwa watu. Nilikuja hapa kupumzika kutokana na uchafu.

Jumapili, 9 Machi

Saa ya Pacha imefika na kupita. Baba alikaa kwenye kiti chake, ameipa mashine mgongo, anatazama ukuta. Nikamuuliza kama naweza kuifungua nichungulie. Hakujibu. Nikauliza tena, akakohoa, akafuta pua kwa leso, akaichunguza ile leso, akaikunja na kuirudisha mfukoni. Nimechukulia kuwa ameniruhusu.

Jumanne, 11 Machi

Nimeifungua. Laiti nisingeifungua.

Nilipokuwa mdogo Baba alinifundisha jambo moja kuhusu sanduku hili: umeme wake hauna msamaha hata likiwa limezimwa. Kwanza unachukua fimbo ya plastiki yenye waya wa ardhi, unaugusisha kila mahali mpaka umeme uliojificha utoke. Halafu unafanya kazi kwa mkono mmoja, wa pili unakaa mfukoni, ili umeme usipate njia ya kupitia kifuani. Nimefuata yote hayo. Laiti angenifundisha na namna ya kuziba pua kwa mkono uliobaki.

Chini ya valvu kulikuwa na mjusi. Si mjusi mzima, ni mjusi aliyekaangwa, ametandika mkia kwenye kipande kimoja cha chuma na kichwa kwenye kingine, ngozi imegandana na rangi. Nilipomng'oa kwa koleo, kichwa kilibaki. Kwenye tundu la feni kulikuwa na mabawa ya mende, mayai ya mende, mavi ya mende, yote yameshikamana kwa mafuta yaliyogeuka gundi. Nimekimbilia nje nikatapika kando ya pipa la maji huku mvua inanipiga mgongoni, na Mama kwenye mlango anauliza kama nina mimba. Jamani!

Nikarudi, nikajikaza kisabuni. Nimesugua kwa spiriti na miswaki ya kazini, ile tunayosafishia meno ya wateja, na miswaki hiyo nimeitupa. Nikakuta waya mmoja umelegea kwenye skrubu, nikaukaza. Nilipowasha, valvu moja ikawaka rangi ya chungwa, ya pili ikabaki giza. Angalau najua pa kuanzia.

Baba alipita mlangoni, akatazama, akaondoka. Hata ahsante hakusema.

Jumatano, 12 Machi

Mvua. Mkono bado unanuka mjusi. Mteja mmoja ameniuliza kuna nini.

Jumamosi, 15 Machi

Mama amemleta fundi wa redio na televisheni wa barabara ya juu. Sasa namwita Fundi Mate. Anataka kujua kama chuma cha kulehemu kimepata moto, anakitemea mate. Anataka kuchubua waya, anautia mdomoni, anautafuna kwa meno ya mbele ambayo, kwa macho yangu ya kikazi, hayana miaka miwili ya kuishi. Kila alichokigusa kilibaki na unyevu.

"Dada, hii valvu imekwenda. Nunua mpya."

"Umeipima?"

"Naijua kwa kuiona."

Katika kuchokonoa akaunguza fyuzi, hana nyingine, basi akachukua karatasi ya fedha iliyofungia sigara zake, akaisokota, akaisukumiza mahali pa fyuzi. Kabla sijamwambia asithubutu, akawasha. Mlio wake ulimtoa paka wa jirani juu ya paa. Nyumba nzima ikawa giza, moshi ukajaa, na Fundi Mate akasema kwa uso mkavu kabisa, "Umeona? Nilikwambia imekwenda."

Nimemfukuza. Ameondoka akinung'unika kwamba wanawake hawajui kushukuru. Cha ajabu ni Baba. Chumba cha pili kililipuka kama bomu, na yeye hakuinuka. Aliendelea kuchovya mkate kwenye chai, makombo yanaelea. Yaani mtu amekuwa gogo.

Jumapili, 16 Machi

Leo nimevaa hedifoni saa ya Pacha, kwa sababu redio yenyewe inapokea vizuri, isipokuwa haiwezi kumfikia. Baba alikuwa ameacha sauti imekazwa mpaka mwisho. Nusura masikio yangu yapasuke! Nilizivua nikazitupa mezani. Sponji zake zina nta ya masikio ya miaka yote, ya njano, ngumu. Nimezifuta kwa spiriti mara kadhaa ndipo nikathubutu tena.

Nikamsikia. Sauti ya mzee, ina kikohozi kidogo. Alitaja herufi za stesheni ya Baba, akangoja. Akazitaja tena, akangoja. "Labda leo umetoka," akasema. "Mimi nipo. Nangoja." Alifanya hivyo saa nzima.

Nikageuka nimwambie Baba, "Anakuita, njoo umsikie angalau." Ameketi hatua chache tu kutoka kwangu, uso ukutani. Hakugeuka. Nilimtazama kisogo kile chenye mvi nikasikia kichefuchefu kikubwa kuliko kile cha mjusi. Mwenzako anakubembeleza hewani, na wewe umenuna kwa sababu kidude chako kimeharibika!

Alhamisi, 20 Machi

Mwenyekiti wa chama cha wana-redio amekuja kutuangalia. Viatu vyake vimejaa tope, akavipitisha juu ya zulia la Mama bila haya wala aibu. Meno yake ya bandia hayakutengenezwa na mimi, namshukuru Mungu, maana yanapwaya. Biskuti ikimnasa anayatoa, anayasuuza ndani ya chai, anayarudisha, halafu anainywa ile chai. Anaongea huku anafanya hivyo.

"Binti, kwa mujibu wa kanuni, asiye na leseni haruhusiwi kugusa maiki. Kukarabati, ruksa. Kugusa maiki, hapana."

"Sijagusa maiki, mzee."

"Nakumbusha tu."

Ndiye aliyetuambia kwamba watoto wa Pacha wanamhamisha. Wanampeleka kwenye ghorofa ambako antena haziruhusiwi, na Jumapili ya mwisho ya Aprili ndiyo siku yake ya mwisho hewani. Mama akashika kifua. Mwenyekiti akamgeukia Baba, akapaza sauti, "Utampa hongera tena?" Akacheka mpaka meno yakacheza. Sikuelewa, lakini nilimwona Baba akigeuza uso na kuinamisha kichwa. Mama naye hakuelewa.

Biskuti amezimaliza zote.

Jumamosi, 22 Machi

Nimeipata! Ile valvu haijafa hata kidogo. Mhimili wa feni ulikuwa umeganda kwa ile gundi ya mende, feni inazunguka kivivu, joto linapanda, na solda, ile risasi ya kulehemu iliyo ndani ya mguu wa valvu, ikayeyuka ikaacha pengo. Kwa nje mguu unaonekana mzima. Ukiupima baridi, mzima. Ukipata moto, unaachia. Na si jambo la juzi: chuma kimebadilika rangi mpaka ndani, kwa hiyo mashine hii imekuwa ikifanya kazi nusu nusu kwa muda mrefu sana.

Nimeutoa mguu uchafu wote, nikautia solda mpya kwa chuma changu cha kazini, ile kazi ndogo ndogo ya subira ninayoifanya kwenye vibanio vya meno. Feni nimeiosha, nimeitia mafuta. Nikaunganisha kopo la mafuta ambalo Baba hulitumia kwa majaribio badala ya antena, ili umeme uishie humo usiende hewani, nikawasha. Valvu zote mbili zikawaka. Mshale wa mita ukapanda mpaka mahali ambapo, Mama anasema, haujafika mwaka mzima. Taa za sebuleni zikafifia kidogo, Mama akapiga vigelegele, na mimi nikacheza na miswaki mkononi.

Baba alitazama mshale. Akatazama kopo. Akasema, "Mm."

Jumapili, 23 Machi

Imekufa. Jana ilikuwa nzima, leo imekufa. Waya wa swichi ya antena umetoka kwenye soketi yake. Nimejilaumu kwamba sikuukaza.

Jumamosi, 29 Machi

Imepona.

Jumapili, 30 Machi

Imekufa. Fyuzi haipo mahali pake. Haijaungua: haipo. Pacha aliita mpaka sauti ikamkauka.

Jumapili, 6 Aprili

Jana niliijaribu peke yangu kwa kopo la mafuta, kila kitu sawa. Leo valvu moja imelegea kwenye soketi yake. Valvu hailegei yenyewe. Nimewashuku panya, nikawashuku mtetemo wa malori, nikamshuku Mwenyekiti kwamba anaingia dirishani. Maji yamenifika shingoni. Mama anasema nipunguze sauti, majirani wanasikia matusi.

Alhamisi, 10 Aprili

Barabara ya kazini imefurika, tumerudishwa nyumbani asubuhi. Nimeingia kwa mlango wa nyuma, Mama ameenda sokoni. Mlango wa chumba cha redio ulikuwa wazi.

Baba alikuwa ameifungua amplifaya. Fimbo ya waya wa ardhi imelazwa vizuri mezani. Mkono wa kushoto mfukoni, kama alivyonifundisha, na wa kulia anafungua skrubu ya soketi ya ile valvu niliyoitengeneza. Taratibu kabisa, kwa ustadi, bila kukwaruza kitu. Mhalifu mwenye adabu.

Nikasema, "Baba."

Hakusita. Nikasema tena, "Baba!" Akapuliza vumbi. Nikasogea mpaka nyuma yake, karibu kiasi cha kunusa dawa ya kikohozi kwenye kola, nikaita kwa sauti ya kawaida, halafu kwa sauti ya juu, halafu nikapiga kelele. Skrubu ikaendelea kuzunguka.

Nikamgusa bega. Akaruka, bisibisi ikaanguka, akageuka akiwa na uso wa mtoto aliyekutwa kwenye sukari. Na badala ya kuniangalia machoni, akaniangalia mdomoni.

Nilipaswa kunyamaza. Sikunyamaza. Nilimwambia ni mzee wa hovyo, mchafu wa roho, kwamba nimeshika mavi ya mende kwa ajili yake, kwamba mtu wa watu anakohoa hewani kila Jumapili akimwita. Nilimwambia ananichefua. Yeye akafuatisha midomo yangu kwa makini, kama anayesoma kibao kilicho mbali.

"Usiseme haraka," akasema. "Ukisema haraka yananipita."

Nafanya kazi na vinywa vya watu kila siku, na sikuona kwamba mwezi mzima baba yangu anatutazama vinywa.

Ijumaa, 11 Aprili

Baba hataki kueleza. Basi nimekwenda kwa mwanachama mmoja ambaye wenzake wanamwita Sikio. Ni mama mmoja, mkunga mstaafu, anakaa mtaa wa pili kutoka kwetu. Yeye hana hamu ya kuongea hewani, anasikiliza tu, anashona huku anawasikiliza wote. Nyumba yake safi mpaka nikaona haya kukaa.

"Mama, Mwenyekiti alimtania Baba kuhusu hongera. Hongera gani?"

Akaweka sindano chini. "Hukuambiwa?"

"Sijaambiwa kitu."

Akanieleza. Wana-redio wanapokutana, kila mmoja anampa mwenzake ripoti ya jinsi anavyompata. Tano maana yake maneno yote yanaeleweka, tisa maana yake nguvu ni ya juu kabisa. Lakini siku hizi kila mtu anapewa tano-tisa. Hata kama hukusikia kitu, unampa tano-tisa, halafu unasema safi sana, hongera, hapa kwetu hali ya hewa iko hivi. Ni adabu. Kumpa mtu ripoti ya kweli ni kama kumwambia ana kikwapa.

"Na baba yako masikio yalianza kumtupa mwaka jana. Wote tuliona. Anajibu nje ya swali, lakini tano-tisa inafunika kila kitu, basi tukamwacha. Mwezi wa pili Pacha akaja hewani akasema mkewe amefariki. Alisema polepole, mwanangu, anatafuta maneno. Halafu baba yako akachukua maiki. Mimi niko hapa jirani, hata akinong'ona namsikia. Akasema: nimekupata tano-tisa, safi sana, hongera, sisi huku tunangojea mvua."

Nikafunika mdomo.

"Pacha akajibuje?"

"Alisema ahsante. Akaaga."

"Na Baba alijuaje?"

"Mwenyekiti alilisimulia mkutanoni. Mbele ya watu wote, na baba yako yumo. Alilisimulia kama kichekesho, na watu wakacheka. Aliporudia kwa sauti kubwa ndipo baba yako akaelewa kinachochekwa."

"Na wewe ulikuwepo?"

"Nilikuwepo."

"Ukasemaje?"

Akachukua sindano yake. "Nilinyamaza."

Nimeondoka bila kumaliza chai. Nilidhani nimeshachefukwa na kila kitu msimu huu: mende, mjusi, mate, nta, meno ndani ya kikombe. Kumbe hivyo vyote vinasafishika kwa spiriti. Kundi la watu wazima wanamwona mwenzao anazama, wanampa tano-tisa. Halafu akizama kabisa wanacheka!

Jumamosi, 12 Aprili

Nimewaketisha Baba na Mama mezani. Nimeandika kwa kalamu nene nyuma ya kalenda ya zamani, herufi kubwa, ili Baba asipate kisingizio. NAJUA KUHUSU HONGERA.

Aliisoma, akaigeuza karatasi chini. "Afadhali waseme mashine yangu imekufa," akasema. "Mashine ikifa si aibu."

Mama alikuwa hajui lolote. Nilipomweleza kuhusu masikio, nilitarajia atalia. Alikasirika. Alisimama, akaenda mbele ya Baba kabisa, akamshika kidevu ili amwone vizuri.

"Mwaka mzima nakusemesha hunijibu. Nikadhani umenichoka! Nikawa najiuliza nimekukosea nini, nalala nageukia ukuta, na wewe huna lolote ila masikio?"

"Masikio si kitu kidogo," Baba akasema.

"Kwangu ni kitu kidogo!" Mama akapiga kelele, ndipo akalia. Baba akatoa ile leso yake mfukoni, ile ile, akampa. Na Mama akaipokea akafuta nayo uso. Nimeangalia pembeni.

Jumapili, 13 Aprili

Hajaiharibu. Lakini hajaiwasha.

Jumamosi, 19 Aprili

Kila siku naandika kwenye kalenda: JUMAPILI YA MWISHO. Kila siku anaigeuza. Leo nimeandika: PACHA ANAFIKIRI ULIFURAHIA KIFO CHA MKEWE. NDICHO UNACHOTAKA AHAME NACHO? Ameitazama muda mrefu. Hakuigeuza.

Jumatano, 23 Aprili

Mwenyekiti amepita kuuliza kama mashine imepona. Nimemwambia bado, nikamfungia mlango kabla hajapandisha tope. Zulia limefuliwa juzi.

Jumapili, 27 Aprili

Mvua imetulia tangu asubuhi, mawingu tu. Baba amenyoa ndevu. Amevaa shati la pasi. Akaketi kwenye kiti chake, akaelekea kwenye mashine, akanipa hedifoni mimi. Mama akasimama mlangoni na taulo la jikoni. Nikawasha feni, nikawasha valvu, tukangoja zipate moto. Nilikuwa nimeukagua ule mguu mpaka macho yakauma. Ikifa leo, basi.

Pacha akaita. Herufi za Baba, kimya, herufi za Baba. Nikampa Baba ishara. Akabonyeza maiki, mshale ukapanda ukasimama, akajibu.

"Wewe!" Pacha alipiga kelele mpaka nikashtuka. "Wewe, uko hai! Nakupata! Leo nasikia mpaka pumzi zako!"

Nikaandika: AMEKUPATA. AMEFURAHI.

Nilikuwa nimemshauri Baba aanze na salamu. Hakuanza na salamu. Aliikamata maiki kwa mikono yote miwili.

"Pacha, nina neno, niache nilimalize. Masikio yangu yamekufa. Hapa anayekusikia ni binti yangu, mimi ananiandikia. Siku ile uliponiambia habari za shemeji, sikusikia hata neno moja. Nikakupa tano-tisa. Nikakwambia safi sana, nikakwambia hongera. Wenzangu walisikia, wakanicheka, na nilistahili. Mashine haikuharibika, niliiua mwenyewe kwa mkono wangu kila wiki, kwa sababu sikuwa na uso wa kukutazama. Hilo ndilo neno langu. Nakusikiliza."

Alisema "nakusikiliza" kwa mazoea. Akaachia maiki, akanitazama.

Sikusikia kitu ila mvumo wa hewa. Nikafikiri ameondoka. Baba akaninyooshea kidole kwenye kalamu, nikatikisa kichwa. Halafu Pacha akasema, polepole, "Hongera?"

Akatoa sauti, sikujua ni kicheko au kikohozi.

"Binti, unanisikia? Mwambie baba yako. Siku ile mimi nilisikia mvumo tu. Mwaka mzima nasikia mvumo tu kutoka kwake, sauti yake ipo lakini maneno hayapo. Nikampa tano-tisa kila Jumapili kwa sababu, sasa, ningemwambiaje? Siku ile nilisema yangu, nikasikia mvumo mrefu, nikasema moyoni, anaendelea kunipa pole. Nikamjibu ahsante."

Niliandika yote kwa hasira. Wazee wawili na leseni zao! Mwaka mzima, kiziwi na amplifaya nusu nusu, kila mmoja anamhakikishia mwenzake kwamba mambo ni safi! Baba alisoma huku midomo inacheza. Alipofika mwisho akapiga meza.

"Mwongo mkubwa huyu! Mwaka mzima?"

"Anasema nini?" Pacha akauliza, maana Baba alikuwa hajabonyeza maiki. Kwa kuwa siruhusiwi kuigusa, sikumjibu. Akaendelea mwenyewe, sauti imeshuka. "Basi mwambie kwamba ile pole haijanifika. Aniambie sasa."

Nikaandika hivyo hivyo. Baba aliisoma mara moja, akakunja karatasi. Mama akaacha mlango, akaja kusimama nyuma ya kiti chake.

"Pacha," akasema. "Pole, ndugu yangu. Pole sana. Sikuwahi kumwona shemeji. Lakini zamani, masikio yangu yakiwa mazima, nilikuwa nikimsikia akiweka kikombe chako mezani. Kila Jumapili, ukiwa katikati ya maneno, nasikia kikombe, na wewe unasema ahsante, mama. Nikajua unatunzwa. Pole kwa kuondokewa na huyo. Nakusikiliza."

Akaachia maiki, akanigeukia, akanitazama mdomoni.

"Anasemaje?"

Sikuandika. Nilimwambia taratibu, ili aone kila herufi: hasemi kitu, Baba, analia.

Baba akaitikia kwa kichwa. Akauacha mkono wake juu ya meza, karibu na maiki, na mashine inawaka, akangoja naye.